Maneno Mawili Niliyoyapachika Kaburini

Msinipe pole. Naomba hilo kabla sijaanza. Nimesoma maungamo ya wenzangu, na chini yake mnajaa kuandika pole dada, Mungu ni mwema, yatapita. Mimi pole zenu sizitaki. Nimekosa kwa mikono yangu, nikaongeza kukosa kwa mdomo wangu, na hasira niliyonayo ningeweza ningejipiga makofi mbele za watu.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, fundi cherehani, nakaa Tabora upande wa Itetemia. Jina langu halitawasaidia kitu. Ya wengine nimeyabadilisha.

Ugonjwa wangu ni mawe. Wenzangu wana vikoba, wana kwaya, mimi nina mawe! Nilianza kwa kuona kwenye simu mtu akitia mawe machafu ndani ya pipa linalozunguka, akayatoa yanang'aa kama peremende iliyomumunywa. Nikasema hilo naliweza. Nikachukua mota ya cherehani iliyoharibika, mkanda wake, ndoo ya rangi yenye mfuniko wa kubana, na vyuma viwili vya kuiviringishia. Unatia mawe, mchanga mkali na maji, unafunga, unawasha, unaendelea kushona. Wiki nzima linanguruma, kwarakwara, kwarakwara. Unaosha, unatia mchanga laini zaidi, wiki nyingine. Mwishoni unatia unga wa kung'arishia. Mwezi mzima kwa mawe yasiyojaa bakuli la mboga!

Niliokota kila nilikopita. Meupe kando ya reli. Mekundu kama maini kwenye makorongo ya Igunga, nilikokwenda kupeleka sare za shule. Ya kijani, machache sana, njia ya Ipole. Majirani walisema nimerogwa, mtu mzima anaosha kokoto.

Kisha nikajifunza kupachika. Unachukua kigoda cha mninga, unachimba umbo kwa patasi, unakata jiwe vipande vyembamba, unavipanga ndani kimoja kimoja kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la huo huo mninga, unasugua kwa msasa hadi kidole kisijue mti umeishia wapi na jiwe limeanzia wapi. Nilikuwa hodari. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa uchungu, maana ningekuwa fundi mbovu haya yote yasingetokea. Jiwe la fundi mbovu hubanduka.

Mzee mmoja wa kanisa aliona kigoda changu, akaniomba nimpachikie msalaba kwenye kaburi la mama yake. Likapendeza. Likaja la pili, la tatu. Watu wakawa wanatoka ibadani wanakwenda makaburini kutazama. Na sifa, jamani, sifa! Sifa zilinilewesha kuliko pombe, na pombe mimi sinywi.

Sasa nije kwa Baba Neema.

Baba Neema alikuwa Mgogo wa Manyoni, gadi wa treni mstaafu. Mimi ni Mnyamwezi. Anayejua, anajua: babu zetu walibeba mizigo kwenda pwani, babu zao wakakaa njiani kuwatoza hongo wapate kupita na kunywa maji. Utani wetu umetoka huko na hauna mwisho. Mimi na yeye tulitaniana miaka ishirini bila siku ya kupumzika.

Utani wangu juu yake ulikuwa mmoja tu, usingizi. Miaka ya zamu za treni ilimharibu. Alilala popote alipoketi. Kanisani alikuwa na nguzo yake, na mchungaji akianza tu kusema "wapendwa", kichwa cha Baba Neema kimeshaegemea. Nilikuwa naketi nyuma yake makusudi, namtekenya shingoni kwa kitabu cha nyimbo.

"Mgogo! Amka, sadaka imepita!"

"Mnyamwezi, nibebe pamoja na usingizi wangu. Si ndiyo kazi yenu ninyi wapagazi?"

"Toa hongo kwanza!"

Watu walituzoea. Mke wake, Mama Neema, alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Yeye ndiye aliyekuwa rafiki yangu hasa. Mnyamwezi mwenzangu. Tulizika watoto wetu wachanga mwaka mmoja, mimi wangu yeye wake, tukanyamaza pamoja kwenye mkeka mmoja. Nilipofiwa na mume, alilala kwangu mwezi mzima. Kumbukeni hilo, maana mimi nilisahau.

Mwaka jana, Jumamosi moja mchana, Baba Neema alikula ugali wake, akaketi kwenye kiti chake cha kamba barazani, akalala. Mama Neema akaendelea na shughuli zake. Saa kumi na moja akaenda kumwamsha aoge. Hakuamka. Daktari alisema ni moyo, na kwamba huenda alikwenda pale pale alipofumba macho. Lakini saa tatu zilikuwa zimepita, na mke alikuwa hatua kumi kutoka kwake.

Siku zote za msiba Mama Neema alilia kilio kimoja: "Nilidhani amelala! Jamani, nilidhani amelala!"

Nilimsikia? Nilimsikia kwa masikio. Akili yangu ilikuwa kwenye utani! Mimi ndiye niliyekuwa mtani mkuu. Nilivaa kofia ya marehemu na filimbi yake ya gadi shingoni. Nilikaa ukingoni mwa kaburi nikakataa jeneza lisipite: "Mlitutoza hongo ya maji, leo natoza hongo ya udongo!" Walinipa kuku. Watu wakacheka katikati ya machozi, na hiyo ndiyo kazi ya mtani, siioni aibu hata leo. Utani wa siku ile ulisemwa, ukapeperuka, kuku akaliwa, basi.

Aibu inaanzia miezi minne baadaye.

Ilikuwa wakati wa kujengea kaburi. Kaka mkubwa wa marehemu, nitamwita Shemeji kama Mama Neema alivyomwita, alikuja kutoka Manyoni kusimamia kwa niaba ya ukoo. Kazi ya terazo, ile saruji ya vipande vya mawe inayosuguliwa ing'ae, nikapewa mimi. Jina, msalaba, na chini yake pakaachwa nafasi ya maneno.

"Andika neno gani?" nilimuuliza Mama Neema.

"Wewe unamjua. Weka utakaloona linafaa," akasema. "Ila unionyeshe kidogo kabla ya ibada."

Hakuomba zaidi ya hapo. Nikamjibu nini mimi, kichwa maji? "Subiri, mwenzangu. Siku yenyewe utacheka mpaka ulie."

Nilifanya kazi siku tisa chini ya turubai. Nilichagua mawe yangu bora kabisa, yale mekundu ya Igunga. Nilichimba herufi kwenye zege, nikapanga vipande kimoja kimoja, nikamwaga saruji nyeupe, nikasugua kwa msasa na maji hadi vidole vikachubuka. Kwa mikono yangu hii niliandika: AMELALA TENA.

Nilicheka peke yangu mle chini ya turubai. Nilijiona nina akili! Mkristo akifa tunasema amelala, na huyu alikuwa analala kila Jumapili. Maneno mawili yamebeba yote. Hata mara moja sikukumbuka mwanamke aliyelia siku za msiba, na alilia neno gani.

Siku ya ibada turubai likavutwa. Watu wakapasuka kicheko. Kwaya ilicheka. Mchungaji alijificha uso kwa kitabu. Mimi nikazungusha macho kutafuta sifa zangu, nikamwona Mama Neema ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanatikisika. Nikadhani anacheka. Mpumbavu mimi, nikampungia!

Baadaye tulikuwa tunakula nyumbani kwake. Shemeji akaja akasimama mbele yangu. Hakuwa amecheka tangu asubuhi.

"Mnyamwezi, lile neno ni lako?"

"Langu, nani mwingine analiweza?"

"Una maana gani? Unasema ndugu yangu alilala, na mtu akamwangalia tu?"

Mama Neema alikuwa kwenye sufuria ya pilau, upawa mkononi, ananitazama. Sasa naona lilivyokuwa rahisi jibu! "Hapana, Shemeji, nilimaanisha kanisani, alivyokuwa analala kanisani." Mtoto wa chekechea angelisema. Na hapo hapo, kwa kumtazama tu Mama Neema, nilielewa nimefanya nini. Nilielewa, naapa.

Lakini kueleza maana yake ni kukiri kwamba sikufikiri. Mbele ya kwaya nzima, mbele ya watu walionisifu saa moja iliyopita, niseme fundi wenu hakufikiri? Nikachagua heshima yangu. Nikacheka kwa nguvu, nikasema:

"Mtani haulizwi!"

Watu wakapiga makofi. Ni kweli, mtani haulizwi, ndivyo tulivyolelewa. Shemeji akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Haya. Tumesikia." Mama Neema akainama, akaendelea kupakua.

Haya maneno mawili ya mdomo ndiyo dhambi yangu. Yale ya jiwe yalikuwa ujinga, na ujinga una dawa. Haya niliyasema nikiwa najua!

Baada ya wiki mbili niliona mkokoteni mlangoni pa Mama Neema. Kitanda, masufuria, kabati la vyombo. Ukoo ulikuwa umekaa kikao, ukaamua aondoke. Kile kiwanja kilikuwa na jina la Shemeji tangu zamani, alimpa mdogo wake ajenge, hawakuandikishana. Nilimkuta Shemeji pale mlangoni, anahesabu funguo.

"Mwanamke aliyemwacha ndugu yetu afe kama kuku hatakaa kwenye udongo wetu," akaniambia mimi, kana kwamba tuko upande mmoja. "Wewe mtani wake umelisema, tena kwa jiwe. Watani hawasemi uongo msibani."

Mama Neema alikuwa anafunga godoro kwa kamba. Aliyasikia. Alinitazama mara moja, akasubiri. Alinisubiri, jamani! Aliishika ile kamba akasubiri niseme.

Nikauliza, "Unakwenda wapi?"

"Kaliua. Kwa mdogo wangu."

Nikasema safari njema. SAFARI NJEMA! Ulimi wangu huu ninaoutumia kutania vijiji vitatu, siku hiyo ulipata hayo tu.

Miezi ikapita. Neema, binti yao anayesoma Dodoma, alifungia namba yangu. Huko makaburini vijana wakaanza kupiga picha, wanajilaza kando ya kaburi wamefumba macho, wanaandika chini yake "amelala tena". Wengine walikuja dukani kunipongeza. Mmoja akataka nimwandikie babu yake kichekesho kama hicho, nikamfukuza kwa kipimio cha mbao, na hakujua kosa lake. Nilikuwa nawachukia watu kwa kucheka kitu nilichokitengeneza ili wacheke.

Usingizi ukanihama. Mwishowe nikapanda treni kwenda Kaliua.

Nilimkuta kwenye banda la mdogo wake anachambua tumbaku, mikono imekuwa ya kahawia hadi viwikoni. Alinikaribisha vizuri, kama unavyomkaribisha mgeni wa serikali. Akanipa kigoda, akanipa maji. Mimi nikaanza kulia haraka haraka, maana nilitaka anibembeleze, ndivyo nilivyo.

"Nisamehe, mwenzangu. Ule ulikuwa utani."

"Utani na nani?"

"Na Baba Neema. Si unajua tulivyokuwa."

"Najua. Yeye angeliona angecheka." Akaweka jani moja huku, jingine kule. "Mimi ni Mgogo?"

"Hapana."

"Mnyamwezi na Mnyamwezi wana utani?"

"Hawana."

"Basi. Mtani wako alikuwa yeye. Mimi nilikuwa rafiki yako."

Hakupaza sauti. Angenitukana ningepumua. Nikabaki natazama majani yale, na yeye akaendelea kuchambua. Baadaye akaanza kunieleza ile Jumamosi, mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo sikuwahi kumuuliza hata siku moja. Nilikuwa na miezi minne ya kumuuliza kabla sijashika patasi! Nilikuwa nasugua mawe.

Niliporudi sikupita hata nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Shemeji, ambaye siku hizo alikuwa amehamia kwenye ile nyumba.

"Shikamoo, Shemeji. Nimekuja kujibu swali lako."

"Swali gani?"

"La siku ya pilau. Nilimaanisha usingizi wa kanisani. Sikuwa na maana ya mke wake. Mke wake hana kosa, hata daktari alisema. Niruhusu nikalitoe lile neno. Nitalipasua mwenyewe, nitajenga upya kwa gharama yangu."

Akacheka, kile kicheko alichoninyima siku ya ibada.

"Mtani haulizwi. Si ulisema mwenyewe mbele ya watu? Sasa asiyeulizwa anajibu nini?"

"Shemeji, nakuomba."

"Kaburi ni la ukoo. Ukiligonga hata kidogo, tunakutana polisi. Liache, linasema kweli."

Anajua! Naapa alijua tangu siku ile kwamba sikuwa na maana hiyo. Alihitaji kisu tu, na mimi nikamletea kimenolewa, kimeng'arishwa mwezi mzima kwa mchanga laini. Nimemchukia yule mzee hadi nikaogopa kushiriki meza ya Bwana. Kisha nikirudi nyumbani nakumbuka kwamba kisu hakujitengenezea yeye, na ile chuki inageuka inanirudia mimi mwenyewe.

Mchungaji naye anasema bila idhini ya ukoo hawezi kuruhusu kaburi liguswe. Anasema tuombe. Naomba, lakini nikifumba macho naona zile herufi nyekundu. Nilijigamba kwamba miaka mia hazitabanduka, na kweli, mvua mbili zimepita, zinazidi kung'aa.

Ndoo yangu nimeizima. Mota nimeuza. Mawe yaliyobaki nimeyamwaga kwenye shimo la barabara mbele ya duka, magari yanayakanyaga, na bado watoto wanayaokota wananiletea: "Bibi, umeangusha hili."

Kwa hiyo wewe unayesoma, nisikilize. Sikukatazi utani. Mtanie mfu, ndiyo haki yake, lia na ucheke siku hiyo hiyo kwa mdomo, kisha nenda nyumbani. Usiuandike! Wala kwa jiwe, wala kwa rangi, wala kwenye hiyo simu uliyoshika. Na kabla hujamchekesha mtu wa kando, uliza aliyebaki analia neno gani. Ukikosea, ukaulizwa maana yako ni nini, jibu. Jibu pale pale, sahani ikiwa mkononi, hata kama dunia nzima itakuona mjinga. Usijifiche nyuma ya mila kama mimi. Mila haikunituma, nilijituma.

Na ukiwa Tabora, ukapita kwenye kaburi lenye herufi nyekundu, ukasikia watu wakisema huyu mkewe alimwacha akafa, waambie hivi, maana mimi pale hakuna tena anayenisikiliza. Waambie mwanamke yule alimvua mumewe viatu. Alimwekea mto shingoni. Palikuwa na jogoo anawika uani, akamkimbiza hadi kwa jirani, akafunga na lango. Alizima redio. Mchana ule wote alipita barazani kwa ncha za vidole, mara saba au nane, na kila alipopita alimtazama, akaona ametulia, akafurahi kwamba leo, angalau leo, hakuna mtu wa kumtekenya.